Kalori za Mazoezi: Tuzile au Tuziache?

   Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, ongeza tu sauti kidogo. Kama uko kwenye daladala na dereva ametufungulia, mwombe asihamishe stesheni mpaka nimalize.

Leo tuna swali moja. Umeamua kupunguza uzito. Umepangiwa kiasi cha kula, au umejipangia mwenyewe, na unajitahidi kukifuata. Asubuhi umefanya mazoezi, na saa janja mkononi inakuambia umechoma kalori 300. Je, hizo 300 uzirudishe mezani? Yaani leo ule zaidi kwa sababu umezitolea jasho? Au uziache ziende zao?

Jibu langu nalitoa mapema, nisije nikakuchosha kwa kusubiri. Kama mazoezi yako ni kutembea au kukimbia taratibu kwa nusu saa, tuseme mpaka saa moja, usizile. Njaa ya kweli ikikubana, kula nusu yake. Wapo watu ambao ni lazima wale, tena wale vizuri, na nitawafikia. Kwa hiyo mkimbiaji wa masafa marefu, na wewe unayetumia dawa za kisukari, msiondoke.

Sasa tuulizane: kwa nini nusu, na si zote?

Twende Dar es Salaam, Jumapili alfajiri. Klabu za jogingi zimetoka. Fulana za rangi moja, filimbi mbele, nyimbo za kuitikiana, barabara imejaa. Wengine wako Temeke, wengine Kinondoni, wengine wanakatiza Daraja la Tanzanite upepo wa bahari ukiwapiga usoni. Ni jambo zuri sana, na mimi ni shabiki wao. Ikifika saa mbili na nusu, nenda kaangalie mabenchi ya wauza supu. Kundi zima liko pale. Bakuli la kongoro, chapati mbili, soda baridi. Mwenye nafasi anaongeza mishkaki. Mwingine anafungua bia kabla ya saa nne, na ukimtazama sana anakwambia: “Nimekimbia leo. Nina haki yangu.”

Haki yake ni kiasi gani? Hebu tumpigie hesabu. Sitakulemea na namba, nitazitaja chache na nitazirudia.

Mchukue mtu wa kilo 80. Ametembea saa nzima kwa mwendo wa haraka, kilomita tano hivi. Saa yake inaandika kalori 300. Namba hiyo haiko mbali na ukweli, ila ina jambo limejificha ndani yake. Saa nyingi zinapotoa jumla, zinahesabu kila kitu mwili ulichotumia katika muda ule, pamoja na kile ambacho ungekitumia hata kama ungebaki umelala. Moyo unadunda, mapafu yanafanya kazi, ubongo haulali. Mtu wa kilo 80 akikaa tu saa nzima bila kufanya lolote, anatumia kalori 80 hivi. Na hizo 80 tayari zimo katika mpango wake wa chakula wa kila siku.

Kwa hiyo kalori 300 toa 80, inabaki ngapi? Inabaki 220. Hiyo ndiyo kazi halisi ya miguu. Narudia: saa imesema 300, miguu imefanya 220.

Tumeelewana hapo? Haya, tusogee.

Je, saa yenyewe ni ya kuaminika? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizipima saa saba za mkononi. Waliwapandisha watu kwenye mashine za kukimbilia na baiskeli, wakalinganisha majibu ya saa na vipimo vya maabara. Katika mapigo ya moyo, saa nyingi zilifanya vizuri. Katika kalori ziliaibika. Iliyokuwa na nafuu kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Iliyokuwa mbovu kuliko zote ilikosea kwa asilimia 93. Hebu fikiria muuza nyama mwenye mzani wa namna hiyo. Ungerudi kwake? Lakini hiyo ndiyo namba tunayoitegemea tukiagiza chapati ya pili.

Saa hizi zimeboreshwa tangu wakati ule, sikatai, na saa yako ni nzuri kwa kuhesabu hatua na kukuamsha uondoke kitini. Ila usiigeuze kuwa keshia wa kukupa ruhusa ya kula.

Sasa nifike mahali penye utamu wa mazungumzo haya, na ni hapa kwetu nyumbani, Tanzania. Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe. Wengi wenu mnawafahamu kwa uwindaji na kurina asali. Mwanamume wa Kihadzabe anayewinda hutembea kilomita 11 hivi kwa siku. Mwanamke, kilomita 6 hivi, tena akiwa anachimba mizizi na mara nyingi mtoto yuko mgongoni. Ungesema hawa lazima wanachoma kalori maradufu ya karani wa mjini anayekaa kitini tangu asubuhi, sivyo?

Mtafiti Mmarekani Herman Pontzer na wenzake, akiwamo mwanaakiolojia Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda kupima. Waliwapa watu wazima 30 wa Kihadzabe maji maalumu ya kunywa, kisha kwa siku kadhaa wakapima mkojo wao. Kwa njia hiyo unaweza kujua mwili umetumia nishati kiasi gani kwa siku, bila kumfunga mtu mashine yoyote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, na yaliwashtua wengi. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe alikuwa anatumia nishati ya siku karibu sawa na Mmarekani au Mzungu wa Ulaya anayefanya kazi ya kukaa.

Karibu sawa! Kilomita 11 kwa siku zimekwenda wapi?

Pontzer anaeleza kwamba mwili hauongezi matumizi tu bila kikomo. Unafanya kama mama mwenye nyumba anayeishi kwa mshahara usiobadilika. Mwezi ambao ada ya shule imepanda, hakopi. Anapunguza vocha, anaahirisha kupaka ukuta rangi, nyama inakuwa mara moja kwa wiki. Mwili nao, ukiuzoesha mazoezi mengi, unapunguza mahali pengine. Baadhi ya upunguzaji huo uko ndani kabisa, katika kazi za mwili tusizoziona. Mwingine unaonekana kwa macho. Umekimbia asubuhi, mchana kutwa uko kwenye kochi. Dukani, mahali ambapo siku zote unakwenda kwa mguu, leo unamtuma mtoto. Sokoni unapanda bodaboda. Hujaamua kuwa mvivu. Mwili umeamua kwa niaba yako.

Wataalamu bado wanabishana kuhusu ukubwa wa jambo hili, na si kila mtu anapunguza sawa na mwenzake. Lakini mwaka 2021 ulitoka uchambuzi wa vipimo vya namna hiyohiyo vya watu wazima zaidi ya 1,700, na makadirio yake yalikuwa kwamba kwa wastani kiasi cha robo na ushee ya kalori za ziada tunazochoma kwa kujishughulisha hufidiwa na mwili kwa kupunguza kwingine.

Turudi kwa mtu wetu wa kilo 80. Saa ilisema 300. Tukatoa zile za kukaa, zikabaki 220. Tukitoa na robo hiyo na ushee, anabaki na 160 hivi. Haya ni makadirio tu, msinishike shati. Lakini umeona safari yake? Kutoka 300, mpaka 220, mpaka 160. Ndiyo maana nasema nusu.

Na 160 ni chakula gani? Chapati moja ya mgahawani, ile ya mafuta inayoacha alama kwenye karatasi, inaweza kufika kalori 300. Kwa hiyo 160 ni nusu ya chapati na kipande. Soda moja ya chupa ni kalori 130 mpaka 150, sukari tupu. Bia ya nusu lita ni kama 200. Ndugu yangu wa kwenye benchi, chapati mbili na soda ni zaidi ya kalori 700, na supu hatujaigusa.

Supu yenyewe naitetea. Supu ya kongoro au ya samaki haijamkosea mtu. Ina chumvi na maji ya kurudisha jasho, ina nyama ya kukushibisha. Mwambie anayekutilia akuengulie mafuta ya juu, kamulia ndimu, kula na ndizi moja ya kuchemsha au chapati moja, kunywa maji. Hapo umefungua kinywa, na ni kifungua kinywa ambacho ungekula hata siku ambayo hukukimbia. Matatizo huletwa na wafuasi wa supu.

Sasa kuna swali ninaloulizwa sana: “Mbona programu ya kwenye simu yangu ndiyo inayoniongezea? Nikiingiza mazoezi, inaniambia leo una kalori 300 zaidi za kula.” Swali zuri sana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea bila kujua.

Kiasi cha chakula cha siku kinaweza kupangwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, unaulizwa mwanzoni: wewe ni mtu wa kukaa, au unafanya mazoezi mara ngapi kwa wiki? Ukajibu, mara nne. Basi kiasi ulichopewa tayari kimezingatia hizo mara nne. Mazoezi yamo ndani. Ukila tena kalori za mazoezi, umezihesabu mara mbili. Katika njia ya pili, kiasi chako kimepangwa kana kwamba hufanyi mazoezi kabisa, na siku ukifanya, programu inakuongezea. Hapo nyongeza ina mantiki, isipokuwa nyongeza yenyewe imetoka kwenye ile saa tuliyokwisha kuisema.

Kwa hiyo leo ukifika nyumbani, fungua programu yako, au muulize mtaalamu wa lishe aliyekupangia: mazoezi yangu yamo ndani ya kiasi hiki, au hayamo? Kama yamo, usile zaidi. Kama hayamo, na una njaa, kula nusu. Narudia. Yamo, usile zaidi. Hayamo na una njaa, kula nusu.

Binafsi napenda njia ya kwanza. Panga sahani yako kwa wiki nzima, mazoezi yakiwa yamo ndani, halafu siku ya kukimbia na siku ya kupumzika unakula karibu sawa. Inakupunguzia kupatana bei na mwili wako kila jioni. Maana mtu akishaanza kuhesabu kwamba nimepanda ngazi za ofisi kwa hiyo nina haki ya andazi, siku nzima inakuwa biashara, na katika biashara hiyo mwili hukushinda.

Labda unajiuliza: kama kutembea saa nzima kunaniachia kalori 160 tu, ya nini basi kujitesa? Pole pole. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zinazokaribia 7,700. Ukitembea saa moja kila siku mwezi mzima bila kukosa, na ukachukua ile hesabu ya 220, bado hujafikisha kilo moja. Ni kweli, na ni afadhali nikuambie kuliko kukudanganya. Kupungua uzito kunafanyika zaidi jikoni. Lakini mazoezi yanashusha shinikizo la damu, yanausaidia mwili kutumia sukari vizuri, yanakulaza usingizi wa maana, na mtu aliyekwishapungua, mazoezi humsaidia asirudi alikotoka. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki kwa mtu mzima, za mwendo wa kukutoa pumzi kiasi. Na mazoezi ya kunyanyua vitu, hata kama ni madumu ya maji nyumbani, yanalinda misuli isiondoke pamoja na mafuta. Hayo yote unayapata, hata mzani usiposogea.

   

Sasa wale niliowaahidi. Nani ni lazima ale?

Anza na anayejiandaa na mbio ndefu. Kule Moshi, Kilimanjaro Marathon imekuwa ikikimbiwa tangu mwaka 2003, na wapo watu wa kawaida kabisa, walimu, wahasibu, wanaojitayarisha miezi kadhaa kwa ajili ya zile kilomita 42. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 30 katika mazoezi, anatumia kalori zinazokaribia 2,000. Huyo ukimwambia ale nusu ya chapati, unamtafutia ugonjwa. Ale kabla, ale baada, na miezi ya maandalizi makali si miezi ya kukazania kupungua.

Yupo na yule ambaye kazi yake yenyewe ni mazoezi. Mbeba mizigo Kariakoo, fundi ujenzi, mama anayelima kwa jembe tangu alfajiri. Hawa hawana haja ya saa. Wanahitaji chakula cha kutosha, na kama wanataka kupunguza kitambi, waguse soda na vyakula vya kukaanga kabla ya kugusa ugali.

Yupo pia anayekula kidogo mno. Huyu namsikitikia, maana mara nyingi anasifiwa. Chai ya rangi asubuhi, parachichi mchana, usiku kachumbari, na jimu siku sita kwa wiki. Dada yangu, ukiona siku zako za mwezi zimevurugika au zimekoma, nywele zinakatika, unasikia baridi wakati wenzako wana joto, majeraha ya mguu hayaponi, huo ni mwili unaokosa nishati ya kujiendesha. Wanaume nao hupatwa, kwa dalili nyingine: uchovu usioisha, hamu ya tendo la ndoa kupotea, mifupa kupata nyufa. Mwaka 2014 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa tamko kuhusu hali hii kwa wanamichezo, lakini humpata hata asiyevaa medali. Huyu ale, na aende akaonwe na daktari. Mama anayenyonyesha naye asiingie katika mipango ya kujikatia chakula kwa pupa, kwa sababu kutengeneza maziwa kunatumia nishati nyingi kila siku.

Utajuaje kama unakula kidogo mno au unazidisha? Usitazame siku moja. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu, mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Kama una mzani, panda asubuhi hiyohiyo, baada ya kutoka msalani. Andika ukutani au kwenye daftari. Baada ya wiki nne, soma. Kama unapungua zaidi ya kilo moja kwa wiki, wiki baada ya wiki, na umechoka, umekasirika, hulali, basi ongeza chakula, anza na hiyo nusu ya kalori za mazoezi. Na uichague vizuri: yai, maharage, dagaa, samaki, tunda. Kama wiki nne zimepita na futi haijasogea hata kidogo, basi zile kalori unazila bila kujua. Tafuta kwenye vinywaji, tafuta kwenye mafuta ya kupikia, tafuta kwenye vile vijiti vya mishkaki ambavyo havikuhesabiwa.

Nimalizie na wale ambao kwao jambo hili ni la hatari. Kama unajidunga insulini, au unameza vidonge vya kisukari vya kundi la glibenclamide, mazoezi yanaweza kuishusha sukari yako chini mno, tena wakati mwingine saa kadhaa baada ya kumaliza. Usikimbie tumbo tupu kwa nia ya kuchoma mafuta haraka. Zungumza na kliniki yako kwanza kuhusu dawa na muda wa kula. Beba glukosi, au soda ya kawaida yenye sukari, na mwambie mwenzako unayekimbia naye kwamba una kisukari. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, simama, kunywa ile soda, na usihesabu kalori zake. Hapo soda ni tiba. Na mwenzako akikukuta umezimia, asikumiminie kitu mdomoni. Akulaze ubavu na akukimbize hospitali.

Saa ya ukutani inanionyesha muda umekwisha. Juma lijalo, wakati kama huu, tutapima mafuta ya kukaangia, kwa hiyo tafadhali uwe na kijiko cha chakula karibu na redio.